Kwa nini moteri ya zamani bado inaishi ndani ya gari jipya hapa Bunia

Mara nyingi tunapanda gari lenye sura mpya, lakini mngurumo unaotoka chini ya kapo ni wa zamani. Jambo hilo lina historia yake.

Vita vya 1999 hadi 2003 viliacha Bunia imeporwa. Risasi zilipopungua, magari yaliyotumika Japani yaliendelea kutufikia kwa njia ya Mombasa, Uganda na Mahagi, usukani ukiwa kuume. Mengi yalikuwa Toyota za mazutu zenye turbo, kama Hilux Surf na Prado.

Turbo inazungushwa na moshi wa moteri yenyewe na kusukuma hewa nyingi ndani. Nguvu inaongezeka, joto pia. Inataka mafuta safi ya moteri, filta safi na radiateri nzima. Barabara ya Djugu ina vumbi na milima, na mazutu ya bidoni mara nyingine yana uchafu. Moteri ya 2L-TE ilijulikana kwa kupasuka kulasi. Ile ya 1KZ-TE, iliyotoka 1993, ina pompa inayoongozwa na kompyuta, na fundi asiye na mashine ya kuisoma anabaki kukisia.

Ndiyo maana mafundi waligeukia 3L ya mwaka 1988: silinda nne, lita 2.8, bila turbo, na pompa isiyohitaji kompyuta. Ni ndugu wa 2L, kwa hiyo inakaa pale bila taabu kubwa. Katika gari la 1KZ kazi inazidi: lazima kupatanisha mahali pa kushikia moteri na boksi ya vitesi. Gari linapoteza mbio kwenye mlima, lakini fundi wa kijijini anaweza kulifufua kwa funguo za mkono.

Kwetu hilo ni jambo la maisha. Tangu fujo za Djugu zilipoanza tena mwishoni mwa 2017, watu wengi wamekimbilia Bunia kupitia barabara hiyohiyo. Gari likizimika kati ya Fataki na Iga Barrière, hasara yake si kuchelewa tu. Mama mwenye watoto hawezi kungoja piesi itoke Kampala.

Lakini historia hii ina makosa yake pia. Wengine wanaweka 3L na kuiachia turbo ya zamani. Toyota haikutengeneza 3L kwa turbo. Ukiiongezea hewa na mazutu kupita kiasi, pistoni zinaungua. Wengine wanasahau pompa ndogo ya kunyonya hewa inayosaidia breki, na gari linateremka mlima likiwa na breki ngumu kama jiwe. Na kuna wanaonunua moteri bila karatasi.

Kwa hiyo, ukinunua gari la namna hii, fungua kapo, soma namba iliyogongwa kwenye bloki, uifananishe na karatasi za gari, kisha udai risiti ya moteri. Lijaribu likiwa na mzigo, kwenye mteremko. Familia iliyokwisha kupoteza nyumba na shamba isije ikapoteza na gari kwenye barieri.