Kwa nini rangi nzuri hufifia zikikutana kwenye mkeka

Wasuka ukili wa Chuno na vijiji vya jirani wanalijua jambo hili. Chane nyekundu ni nzuri, chane za kijani ni nzuri, lakini mkeka ukishashonwa unaonekana umechujuka. Mama analaumu rangi ya unga aliyonunua, anarudisha chane sufuriani, anachemsha tena. Kuni zinaisha na mnunuzi bado anapita.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye sufuria. Liko kwa jirani: jicho huiona rangi kulingana na ile iliyo kando yake.

Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mapazia mazito ya ukutani. Alikuta malalamiko kwamba nyuzi zao nyeusi ni hafifu zikikaa karibu na buluu na zambarau. Akazilinganisha na nyeusi za kwingine, akaona hazina kasoro yoyote. Zilikuwa zinaharibiwa na majirani zao. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo.

Kuna rangi zinazopingana: nyekundu na kijani, buluu na chungwa, njano na zambarau. Zikiwekwa kwa mistari mipana, kila moja huing'arisha mwenzake. Zikisukwa chane moja moja, zinauana, maana ukisimama mbali jicho halitenganishi tena, linazichanganya. Sisi tulifuma kitambaa kidogo cha nyuzi nyekundu na kijani zilizopishana. Mezani kilipendeza, kutoka mlangoni kilikuwa na rangi ya udongo. Tulisikitika, lakini tulijifunza.

Pwani hii ilijua siku nyingi kucheza na rangi za nyuzi. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuwa wafumaji wa Sofala walikuwa na pamba nyeupe tu, bila rangi za kuitia. Walifumua nguo za rangi zilizotoka Cambay, India, kisha wakazifuma nyuzi zile pamoja na nyeupe zao. Karibu nasi zaidi, kusini ya mto Ruvuma, watu wa visiwa vya Kerimba walifuma nguo iliyotiwa nili. Wareno waliviita visiwa vile Maluane, jina la nguo hiyo.

Ukitaka kujaribu kabla ya kupoteza ukindu, tengeneza kitanda kidogo cha kufumia. Chukua kadibodi ngumu yenye ukubwa wa daftari, ukate meno juu na chini, yaachane kama nusu sentimita. Zungusha uzi kutoka jino la juu hadi la chini. Huo ndio mtande. Nusu ya mtande iwe nyeupe, nusu nyeusi. Halafu pitisha uzi mwekundu kwa sindano butu, juu ya mmoja, chini ya unaofuata. Huo ni mshindio. Uzi ni uleule, lakini upande mweupe utauona kama waridi na upande mweusi kama damu iliyokauka. Badilisha mshindio uwe njano au buluu, uone tena.

Simu nayo inasaidia. Panga chane zako, zipige picha, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoka kijivu kilekile, nakshi yako haitasomeka kwa mbali, hata kama zinatofautiana sana mkononi. Ongeza chane zisizotiwa rangi katikati yake, au chemsha moja muda mfupi zaidi ibaki nyepesi. Mwenye simu ndogo isiyo na kamera afumbe macho nusu na arudi nyuma hatua kumi. Fanya hivyo mchana, kivulini, kwa sababu mwanga wa taa ya usiku hubadilisha rangi, na mnunuzi atauona mkeka mchana.