SEHEMU YA 6: Somo la mapishi lilipotelea wapi?

 Akina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona, karibuni. Leo ni historia kidogo, ila inahusu sufuria lako.

Juzijuzi mama wa miaka 20, wa hapahapa Nsemulwa, kaniletea mtoto wa miezi tisa. Uzito haupandi. Anakula nini? Uji. Uji wa nini? Wa sembe na sukari. Nyumbani karanga zipo, maharage yapo, dagaa wapo, lakini eti hivyo ni vya wakubwa. Binti huyu kamaliza kidato cha nne. Sikumlaumu. Hata mimi uji wa mtoto nilifundishwa chuo cha uuguzi, sio sekondari.

Je, shule zetu hazikuwahi kufundisha mapishi? Zilifundisha. Enzi za mkoloni wasichana wachache waliopata shule walisoma maarifa ya nyumbani: kupika, kushona, kufua, kulea. Lengo lilikuwa kumwandaa mke. Mvulana hakuguswa, na hapo ndipo tulipokosea: kupika kukaonekana ni tabia ya mwanamke, sio elimu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, shule ifundishe maisha. Miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Sayansi kimu ikawa somo kamili lenye mtihani, lina virutubisho, upishi na usafi wa jiko. Ila zaidi likapelekwa shule za wasichana.

Nje ya darasa tulifanya vizuri zaidi. Mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975, baada ya ukame na njaa, ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu zaidi ya milioni moja walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza redio na kujadili chakula bora. Muulize bibi au babu yako, huenda anakumbuka.

Halafu ikawaje? Somo la kupika lina gharama, jamani. Linataka jiko, vyombo, moto, na chakula chenyewe. Kuanzia 2004 shule za kata zilijengwa nyingi kwa haraka, na kilichotangulia ni madarasa. Jiko la kujifunzia likabaki ndoto.

Sasa tazama hesabu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mikoa iliyo juu kabisa ni Iringa, Njombe na Rukwa, yaani haohao wanaovuna mahindi kwa wingi! Na sisi Katavi tulikuwa Rukwa mpaka 2012. Upishi sio sababu pekee: kuna maradhi, maji machafu, na mama kushinda shambani. Lakini ghala kujaa ni kitu kimoja, sahani ya mtoto kukamilika ni kingine.

Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali sekondari, mwanafunzi anasoma fani ya kazi pamoja na masomo mengine. Kwenye kikao cha wazazi uliza: upishi na lishe vipo? Na wavulana wanasoma?

Wakati tunasubiri jibu, jiko la nyumbani lipo. Jumamosi hii mpe kijana wako wa kiume kazi: atwange karanga zilizokaangwa mpaka zilainike, apike uji mzito usiomwagika kirahisi kwenye kijiko, achanganye, amlishe mdogo wake aliyetimiza miezi sita.

Yule mama nilimwambia arudi na mumewe. Walikuja wote. Aliyeuliza maswali mengi ni baba, na mtoto ameanza kupanda uzito.

Maswali yaweke hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Usiku mwema.