Safari ya kwanza ya kambi ya kuigiza historia: jinsi ya kujiandaa kutembea njia ya wapagazi wa 1917

Msikilizaji, kuna nchi ambako watu huvaa mavazi ya zamani, hubeba vyombo vya zamani na kulala porini siku mbili tatu ili waonje maisha ya mababu zao. Kwetu kusini jambo hili bado ni geni, ingawa historia ya kuigiza tunayo, tena mlangoni kwetu. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kikundi cha vijana, shule au kwaya kinachotaka kufanya kambi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza katika eneo la Ndanda, Nyangao na Masasi. Yanaeleza mbebe nini, muombe ruhusa kwa nani, na mambo gani msiyafanye.

Kilichotokea hapa

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Julai 1914. Miaka mitatu baadaye ilikuwa imefika bonde la Lukuledi. Katikati ya Oktoba 1917, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana kwa siku nne huko Mahiwa, karibu na Nyangao. Wengi wa waliopigana walikuwa Waafrika: askari wa Kijerumani kutoka makabila mengi ya nchi hii, na upande wa Waingereza Wanaijeria pamoja na askari wa King's African Rifles ambao watu waliwaita Keya. Wahindi nao walikuwapo. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000, kwa maana ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Lilikuwa miongoni mwa mapigano yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika vita nzima ya Afrika Mashariki.

Mwezi uliofuata, Novemba, Waingereza waliingia Ndanda. Misheni ya Wabenediktini, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imegeuzwa hospitali ya majeruhi wa Kijerumani. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliacha mamia ya wagonjwa nyuma, akapanda uwanda wa Makonde kupitia Newala, na mwishoni mwa mwezi huo akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Lakini bunduki hazikutembea zenyewe. Risasi, unga, mahema na majeruhi vilibebwa na watu. Kwa vita nzima, Waingereza peke yao walitumia takribani wapagazi milioni moja. Hesabu yao inataja takribani 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Amueni kwanza mnaigiza nini

Kikundi kipya hupenda kuigiza mapigano. Shauri letu ni kwamba mwanzo bora ni kuigiza safari ya wapagazi. Kwanza, haihitaji silaha. Pili, ndiyo historia ya watu wengi zaidi wa vijiji vyetu. Wapo wazee ambao babu zao walichukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo, na wengine hawakurudi. Ukiigiza vita kwa kelele na vicheko mbele ya mjukuu wa mtu ambaye kaburi lake halijulikani, utamuumiza.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga mzigo, nendeni kwa wazee wa kijiji mtakachopita. Piga hodi, eleza nia yenu, kisha sikilizeni. Muulizeni babu au bibi watu walijificha wapi wakati wa kukamata wapagazi, walikula nini, na sehemu gani haifai kukanyagwa. Yeye ndiye atakayewaambia kama mahali mnapotaka kulala ni makaburini.

Ruhusa na tahadhari ya sheria

Wageni wanaolala porini na ramani mkononi huzua maneno haraka. Katika mikoa yetu watu wengi wanaamini kuwa Mjerumani alizika mali, na waliochimba wakiitafuta ni wengi. Kikundi chenu kikionekana na sururu, kitadhaniwa kinatafuta mali hiyo. Fanyeni haya wiki mbili kabla:

1. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, yenye majina ya washiriki, tarehe, njia na mahali pa kulala. Kama mnapita vijiji viwili, barua ziwe mbili.
2. Wajulisheni polisi wa kata. Baki na nakala yenye mhuri.
3. Muombeni ruhusa mwenye shamba, hata kama shamba halijalimwa.
4. Kwa wanafunzi, pateni idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi.

Msivae sare za jeshi wala nguo za mabakabaka zinazofanana nazo. Kwa raia ni marufuku, hata kwenye maigizo ya kikundi. Msibebe bunduki za bandia zinazofanana na za kweli, wala baruti au fataki. Anayeigiza askari ashike fimbo tu, watazamaji wataelewa.

Msichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuchimbua mabaki ya kale bila kibali. Mkiona chuma cha zamani chenye umbo la risasi kubwa au kombora, msikiguse, msikipige teke, msikitupe motoni. Baruti iliyokaa miaka mia bado inaweza kulipuka. Wekeni alama kwa mbali, rudini kwa njia mliyojia, na mtoe taarifa kwa mtendaji au polisi.

Msimu mzuri

Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Oktoba na Novemba, miezi ile ya vita, ni ya jua kali na maji huwa haba. Kwa safari ya kwanza chagueni Juni hadi Agosti, hali ya hewa ikiwa ya ubaridi. Angalieni jambo moja: huo ndio wakati wa kupuliza salfa na dawa nyingine kwenye mikorosho. Msilale ndani ya shamba lililopulizwa, wala msianike nguo na vyombo chini ya mikorosho yake. Msimu wa kuokota korosho nao si wa kambi. Mwenye shamba ana haki ya kumtilia shaka kila mgeni anayepita chini ya miti yake.

Mzigo: wa zamani na wa leo

Mpagazi wa misafara ya zamani alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Msijaribu kuufikia uzito huo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kilo 10 zinatosha kumfundisha somo. Kwa kijana wa shule, kilo 5. Mjamzito, mwenye presha, pumu au maumivu ya mgongo asibebe mzigo wa maonyesho.

Gawanyeni vitu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vya kuigizia, ambavyo vitaonekana njiani:

- Kaniki au shuka nyeupe isiyo na maandishi ya kampeni wala matangazo.
- Ngata ya kitambaa au majani makavu ya mgomba, kwa ajili ya mzigo wa kichwani.
- Mkeka uliokunjwa, tenga, kibuyu cha maji na chungu au sufuria kuukuu.
- Mti imara wa kubebea mzigo wa watu wawili mabegani.

Fungu la pili ni vya usalama. Hivi havina mjadala wa zamani wala kisasa. Vibebwe na kila mtu:

- Viatu vya kufunga ulivyokwisha kuvizoea. Wapagazi wengi walitembea peku na kuumia. Wewe usifanye hivyo, na usivae viatu vipya siku ya safari.
- Soksi jozi mbili, nguo ya kubadili, sweta au shuka nzito ya usiku.
- Chandarua, na turubai au hema la kulala chini yake.
- Tochi na betri za akiba.
- Chupa ya maji ya lita moja na nusu au zaidi.
- Sabuni, mswaki, karatasi ya chooni, na taulo za kike kwa wanaohitaji.
- Dawa zako mwenyewe za kila siku, kwenye mfuko usiopitisha maji, na kadi ya bima kama unayo.

Kikundi kibebe kwa pamoja sanduku la huduma ya kwanza, dumu za maji, sufuria mbili kubwa, mwiko, kiberiti, panga moja, koleo moja la kuchimbia choo, kamba, na simu mbili za mitandao tofauti zilizojaa chaji. Andikeni namba muhimu kwenye karatasi, maana simu ikizima namba huzima nayo. Polisi ni 112, zimamoto ni 114.

Maji na chakula: pigeni hesabu

Ndanda ina bahati ya chemchemi zinazotoka chini ya uwanda. Ukipanda juu kuelekea Newala hali ni tofauti. Kwa vizazi vingi watu wa uwandani walishuka mabondeni kufuata maji. Basi msitegemee kuyakuta njiani.

Mtu anayetembea juani anahitaji walau lita 4 za kunywa kwa siku. Watu 20 kwa siku moja ni lita 80, yaani dumu nne za lita 20, kabla hamjapika wala kunawa. Dumu hizo zitangulie kwa bodaboda au baiskeli hadi kambini. Maji ya mto au kisima kilicho wazi yachemsheni hadi yatokote sana, au tieni vidonge vya klorini kama maelezo ya pakiti yanavyosema.

Kwa chakula, wekeni nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku, na gramu 150 za maharage au mbaazi. Watu 20 kwa siku mbili watahitaji kilo 20 za unga na kilo 6 za maharage, pamoja na chumvi, mafuta, dagaa na karanga za kutafuna njiani.

Hapa pana somo kubwa la historia. Wapagazi wengi walipewa unga wa mahindi bila muda wala kuni za kuupika ukaiva. Waliula mbichi mbichi, matumbo yakaharibika, na kuhara kukawamaliza. Ugali wenu uiveni vizuri, na kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Choo kichimbwe mbali na maji, kisha kifukiwe mnapoondoka.

Siku ya safari

Wiki mbili kabla, fanyeni zoezi la asubuhi moja: kilomita 5 na mizigo yenu kamili. Mwenye malengelenge atajulikana, na mzigo uliofungwa vibaya utajulikana pia. Safari yenyewe isizidi kilomita 10 kwa siku. Ondokeni alfajiri kukishapambazuka, pumzikeni saa nne, na mfike kambini kabla ya saa tisa alasiri ili kuni na choo vishughulikiwe mchana.

Epukeni kutembea kando ya lami ya Lindi–Masasi. Malori hayana habari na maigizo yenu. Mkilazimika, tembeeni kwa mstari mmoja upande wa kulia mkiyatazama magari, na kamwe si usiku.

Moto uwashwe mahali palipofagiliwa, mbali na nyasi na mikorosho. Mtu mmoja aulinde, na kabla ya kulala umwagiwe maji hadi majivu yapoe. Mkorosho ulioungua ni miaka ya jasho la mtu.

Mtu akiumwa na nyoka, mlazeni atulie, msisogeze kiungo kilichoumwa, vueni pete na bangili, na mumpeleke hospitali mara moja. Msikate, msifyonze, msifunge kamba ya kubana. Ndanda ipo Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Benedikto, na Nyangao ipo Hospitali ya Mtakatifu Walburga. Kabla hamjaondoka, kubalianeni na dereva mmoja mwenye gari ambaye atapokea simu usiku.

Jioni na kurudi

Jioni, chakula kikiwa kimeliwa, mtu mmoja asome au asimulie yale mliyoambiwa na wazee. Kama mzee mwenyewe anaweza kuja, mpeni kiti na nafasi ya kwanza ya kusema. Muombeni ruhusa kabla ya kurekodi sauti yake kwa simu, na mkirudi mpelekeeni familia yake nakala.

Songea, kila tarehe 27 Februari, watu hukumbuka mashujaa 67 wa Maji Maji walionyongwa siku hiyo mwaka 1906, kwa sababu mahali panajulikana na majina yalihifadhiwa. Wapagazi wa bonde la Lukuledi wengi hawana kaburi wala jina kwenye jiwe. Kwa hiyo katika orodha yenu ya vitu vya kufunga ongezeni kimoja chepesi: daftari. Kila jina la mpagazi mtakalotajiwa liandikeni, pamoja na kijiji chake na jina la aliyewaambia. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ofisi ya kijiji.