Mugongo ya Mudende: mgeni aliyekuja kutazama akabaki

Desemba 2024, kamati ya UNESCO inayoshughulikia urithi wa utamaduni usioshikika ilikutana Asunción, mji mkuu wa Paraguay. Miongoni mwa yaliyoingizwa katika orodha kwenye kikao hicho kulikuwa na tomyum kung, ile supu ya kamba ya Thailand yenye pilipili na mchaichai, na intore, ngoma ya mashujaa wa Rwanda. Siku chache zikatosha kuziweka nchi hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Wathai wana uzoefu mkubwa katika jambo hili. Tamthilia yao ya vinyago, khon, iliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2018, ukandaji wa mwili 2019, sikukuu ya maji ya Songkran 2023. Mamlaka yao ya utalii ilianza kazi mwaka 1960, na kufikia 2019 nchi ilipokea wageni wanaokaribia milioni 40 kwa mwaka mmoja. Mtu anapanda ndege, anashuka Bangkok, anasogea hadi Chiang Mai kujifunza kupika, anakwenda mtoni kuachia taa zielee usiku wa Loy Krathong, anajiandikisha wiki moja kwenye kambi ya ndondi za Kithai, kisha anarudi kwao na simu iliyojaa picha. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Ila Thailand hiyohiyo ina vijiji vya Mae Hong Son, ambako wanawake wa Kikayan, watu waliokimbia vita Burma, huketi barazani na koili za shaba shingoni huku mgeni akilipa kiingilio ili awatazame. Watetezi wa haki wamekuwa wakiviita vijiji hivyo bustani za wanyama zilizojaa watu.

Kwa hiyo swali la zamani linabaki: anayesafiri kwenda kuona utamaduni wa wenzake anaona nini hasa? Kwetu Afrika Mashariki na Kati, sijui mahali panapolijibu swali hilo vizuri kuliko Mudende.

Mudende ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, ile ambayo wengi bado wanaiita Gisenyi. Ukiacha ufuo wa Ziwa Kivu na kupanda upande wa volkano, joto linakatika ghafla na udongo unageuka mweusi. Mbele yako unasimama Karisimbi, mita 4,507, mlima mrefu kuliko yote Rwanda, na upande wa Kongo, hali ya hewa ikiruhusu, unaona moshi wa Nyiragongo. Ni nchi ya viazi, ng'ombe wa maziwa na pareto. Siku za wilaya za zamani iliitwa Mutura.

Mwaka 1955 alihamia huko mwanamke Mmarekani, Rosamond Halsey Carr. Alizaliwa New Jersey mwaka 1912, akafanya kazi ya kuchora mitindo ya mavazi New York, akaolewa na Mwingereza aliyekuwa mwindaji na msafiri, Kenneth Carr. Wawili hao walivuka bahari mwaka 1949 kuja Kongo ya Wabelgiji. Ndoa haikudumu. Mume aliondoka, mke akabaki, akajifunza kilimo cha pareto, na hatimaye akanunua shamba la Mugongo chini ya Karisimbi.

Tusimpake mafuta. Alikuwa setla. Ardhi aliipata kwa sababu ukoloni ulikuwa umeiweka sokoni, na vibarua wake walilipwa kama vibarua wa setla yeyote wa enzi ile. Lakini kuna jambo linalomtofautisha na maelfu ya wazungu waliopita Kivu na kamera. Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru na majirani zake Wabelgiji wakaanza kufunga virago, yeye hakuondoka. Rwanda ikapata uhuru wake Julai 1962, hakuondoka. Bei ya pareto ilipoyumba aligeukia maua ya kukata, akawa anayateremsha kwa mahoteli na balozi. Alipozeeka watu wa Mutura walimjua kama mtu wa pale.

Utamaduni wa Rwanda, wakati anahamia Mugongo, ulikuwa umeshaanza kuuzwa mbali. Intore walikuwa vijana wateule wa ikulu ya mwami, yaani mfalme. Walikaa kwenye itorero wakifundishwa vita, ushairi, adabu ya kusema mbele ya watu, na ngoma ilikuwa sehemu moja tu ya mafunzo hayo. Mwaka 1950 kampuni ya filamu ya Marekani, MGM, ilitoa King Solomon's Mines, na wachezaji wa Rwanda walionekana humo na mikuki yao, njuga miguuni na singa za katani kichwani. Ulimwengu ulipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Marekani walikuwa wakirukaruka kwenye kumbi kwa mtindo uliobatizwa Watusi, usiofanana na intore hata kwa bahati mbaya. Na katika miaka hiyohiyo, kuanzia machafuko ya Novemba 1959, Watutsi wenyewe kwa makumi ya maelfu walikuwa njiani kwa miguu kuelekea Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Jina lao lilichezwa dansi huku nyumba zao zikichomwa. Sijapata kuona mfano ulio wazi zaidi wa kupenda utamaduni wa watu bila kuwajua watu.

Mugongo ikawa kituo cha wapita njia. Aliye maarufu kuliko wote ni Dian Fossey. Alikuwa ameanza kuchunguza sokwe wa milimani pale Kabara, upande wa Kongo, mwanzoni mwa 1967. Vita vilipomtoa huko mwezi Julai, aliingia Rwanda na kufikia kwa Rosamond Carr. Kutoka shambani hapo alipanda Karisimbi kutafuta kambi mpya, na tarehe 24 Septemba 1967 akaanzisha Karisoke. Wanawake hao wawili walikuwa marafiki hadi Fossey alipouawa Desemba 1985. Aliyeitazama filamu ya Gorillas in the Mist ya mwaka 1988 atamkumbuka mama mzee mwenye bustani. Ndiye huyo, ameigizwa na Julie Harris.

Mgeni wa aina nyingine aliwasili Mudende mwaka 1984. Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoingia Rwanda mwaka 1919 kwa mkono wa Mbelgiji D. E. Delhove, lilifungua hapo Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, na wanafunzi walitoka nchi mbalimbali za Afrika zinazotumia lugha hiyo. Walimu nao walitoka mbali, Marekani na Ulaya. Mtaa wa viazi ukawa na maktaba, mabweni na ratiba ya mihadhara. Wakati vijana wengi wa eneo hili walikuwa wakiota kusoma ng'ambo, Mudende ilikuwa ndiyo ng'ambo ya mtu mwingine.

Chuo hicho kiliishi miaka kumi. Ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda iliangushwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakaanza, na ndani ya siku mbili Watutsi waliokuwa wamekimbilia chuoni, wanafunzi pamoja na majirani, walishambuliwa na kuuawa humo humo ndani. Wageni wengi walihamishwa. Kesi ilifika Arusha: hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda ya Desemba 2008, dhidi ya afisa wa jeshi Bagosora na wenzake, ina sehemu inayozungumzia Mudende. Chuo chenyewe kilifunguliwa upya Kigali mwaka 1996, Gishushu, na sasa makao yake makuu yako Masoro. Jina la Mudende likabaki nyuma.

Rosamond Carr naye aliondolewa Aprili hiyo. Alirudi Agosti 1994, mwezi aliotimiza miaka 82, akakuta nyumba imeporwa. Mtu wa umri ule angeruhusiwa kabisa kwenda kupumzika kwao. Yeye, pamoja na Sembagare Munyamboneza, msimamizi wake wa miaka mingi, walisafisha banda la kukaushia pareto, wakaweka vitanda, na tarehe 17 Desemba 1994 wakapokea watoto yatima wa kwanza. Kituo kikaitwa Imbabazi. Hapo ndipo mimi ninapoanza kumheshimu mwanamke huyu. Yaliyotangulia ni historia ya setla mwenye moyo mzuri, nayo tunazo nyingi.

Amani haikurudi kwa amri. Kulikuwa na kambi ya wakimbizi pale Mudende, Watutsi wa Kongo waliofukuzwa Masisi na maeneo jirani, watu wa Kinyarwanda na Kiswahili waliodhani wamefika salama. Agosti 1997 mabaki ya jeshi la zamani la Rwanda na wanamgambo wa Interahamwe waliwavamia usiku, wakaua zaidi ya 100. Desemba mwaka huohuo walirudi na kuua zaidi ya 250. Walionusurika walihamishiwa Gihembe, Byumba, na wengi waliishi katika kambi hiyo zaidi ya miaka ishirini, hadi ilipofungwa mwaka 2021. Katika hali hiyo Imbabazi nayo haikuweza kubaki mlimani. Watoto waliteremshwa Gisenyi mjini, wakaishi huko miaka kadhaa kabla ya kurudi Mugongo.

Ni wakati wa uhamisho huo, mwaka 2000, ambapo kilitokea kitu kidogo ninachokiona kikubwa kuliko filamu zote mbili. Mpigapicha Mmarekani, David Jiranek, aliwagawia watoto wa Imbabazi kamera za bei nafuu, zile za kutumia mara moja na kutupa, akawaambia wapige wanachotaka. Tangu 1950 lenzi ilikuwa ikitazama upande mmoja tu, kutoka kwa mgeni kwenda kwa Mnyarwanda. Sasa mtoto aliyepoteza wazazi ndiye aliyechagua nani akae mbele ya kamera. Walipiga wenzao, barabara, majirani. Picha zilionyeshwa Kigali kisha zikavuka bahari, na ya msichana mmoja ilishinda mashindano nchini Marekani mwaka 2001. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amevaa singa za katani.

Rosamond Carr alifariki Gisenyi tarehe 29 Septemba 2006, akiwa na miaka 94, akazikwa Mugongo. Serikali ya Rwanda ilipoamua, miaka michache baadaye, kwamba watoto walelewe katika familia na vituo vya yatima vifungwe, Imbabazi ilifunga mabweni yake na kugeuka kituo cha jamii. Nyumba na bustani vipo. Wageni hupelekwa kuviona, na wakipanga mapema hutazama intore wakicheza uwanjani, Karisimbi nyuma yao.

Ngoma hiyo ni halali kabisa, na fedha inayoachwa pale ina kazi. Lawama yangu inakwenda kwa namna tunavyopanga ziara. Tangu 2017 mgeni wa kimataifa analipa dola 1,500 kukaa na sokwe saa moja. Jioni anaonyeshwa njuga na mikuki hotelini, kesho anapanda ndege akiamini ameiona Rwanda. Mwenzake aliyekwenda Thailand amefanya vivyo hivyo kwa bakuli la tomyum. Kibaya zaidi ni kwamba sisi wenyeji wa kanda hii tunafanya yaleyale kwa jirani. Basi la wikendi linashuka Gisenyi limejaa watu wa Kigali, Kampala na Nairobi, linawamwaga ufuoni, wanakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanapiga picha na ziwa, wanarudi. Mudende iko juu ya kichwa chao na hakuna anayegeuza shingo.

Ninawaomba wanaoandaa safari za Rubavu waongeze siku moja ya mlimani, na siku hiyo isiishie kwenye bustani ya Mugongo. Wageni waambiwe ni wapi kilikuwa chuo, nani walikufa ndani yake, nani walilala kambini mwaka 1997, ndipo ngoma ipigwe. Nawe msomaji ukifika kabla hawajaanza kufanya hivyo, mwulize mwenyeji wako mwenyewe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kwa hiyo kisingizio cha lugha huna.