Uongo Nilioandika Chini ya Picha ya Hema

Picha yangu iliyopata laiki nyingi zaidi mwaka huu ina uongo. Picha yenyewe ni ya kweli. Uongo uko kwa yale maneno mawili niliyoandika chini yake: "Hakuna kitu."

Mnaikumbuka. Hema la kijani, Land Cruiser nyuma yake, mchanga, mawe meusi, na Ziwa Turkana kwa mbali. Hapo ni mbuga ya kitaifa ya Sibiloi, upande wa mashariki wa ziwa. Tulikuwa wasee watano tuliochanga pesa ya gari na mafuta. Kutoka Nairobi unapitia Isiolo, lami inakuacha Marsabit, halafu unakata jangwa la Chalbi mpaka North Horr, na bado safari haijaisha.

Kupiga kambi Sibiloi si kama zile kambi za Naivasha. Hakuna duka, hakuna kituo cha petroli, hakuna netiweki. Maji ya kunywa unabeba yote, kwa sababu ya ziwani yana magadi. Kwenda kunawa miguu ufuoni pia usijaribu, mamba wako. Halafu kuna upepo. Unavuma usiku kutoka mashariki, na vigingi vya hema haviwezi kushika kwa mchanga. Saa nane za usiku tulikuwa nje na tochi mdomoni, tukifunga kamba kwa mawe na kwa magurudumu ya gari. Hakuna aliyelala.

Asubuhi, mzee mmoja Mgabra aliyekuwa akitusaidia pale kambini akaketi nasi kwa chai. Nikamwonyesha picha kwa simu, na yale maneno nilikuwa nimeshayaandika nikingoja netiweki. Akayasoma polepole, akanirudishia simu.

"Kijana, kama hakuna kitu, ngamia wa babu yangu walikuwa wanakula nini hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Na bado tulipofika Marsabit nikaiposti vile ilivyokuwa. Ilifanya vizuri sana, lakini swali la mzee halikunitoka. Ndio nikaanza kusoma.

Kitu cha kwanza: watu wa kwanza kupiga kambi pale hawakuwa watalii. Wagabra wamehama na nyumba zao tangu zamani. Nyumba ya Mgabra ina fito zilizopindwa na mikeka ya nyuzi za katani, na wanaoijenga na kuibomoa ni wanawake. Ikibomolewa, inapakiwa kwa ngamia na safari inaanza. Sisi na hema letu la dukani tulishindwa na upepo usiku mmoja. Hata Koobi Fora, ile sehemu ya mbuga inayojulikana dunia nzima, ina jina la Kigabra, na linatokana na mti wa manemane. Mahali pasipo na kitu hapapewi jina la mti.

Cha pili ni kile ambacho shuleni tulisoma haraka haraka ili tupite mtihani. Mwaka 1967, Richard Leakey akiwa kwa ndege aliona miamba ya ufuo huu wa mashariki. Mwaka uliofuata akarudi na msafara wa kutafuta visukuku, na 1969 walizunguka na ngamia, wakapata fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale. Kambi ya Koobi Fora ikawa mahali pa kurudi mwaka baada ya mwaka. Mbuga yenyewe ilitangazwa 1973, yaani kambi ilitangulia mbuga. Na mstari wa mbuga ulipochorwa, ulipita juu ya malisho ya watu. Mvutano huo wa mifugo na mbuga uko mpaka leo.

Sasa, nani alikuwa analala kwa hizo hema? Leakey, ndiyo, na wanasayansi. Lakini wengi wa waliokuwa wakitembea kutwa nzima juani wakiangalia chini walikuwa Wakenya, na wengi wao walitoka Ukambani. Mwaka 1972 mmoja wao, Bernard Ngeneo, aliona vipande vya mfupa kwa korongo. Vilipokusanywa vilikuwa zaidi ya 150. Vikaunganishwa, likatokea fuvu la karibu miaka milioni 1.9, lililobishaniwa na wanasayansi kwa miaka mingi. Dunia inalijua kwa namba: KNM-ER 1470. Herufi ER ni East Rudolf, kwa sababu ziwa wakati huo liliitwa Rudolf. Kwa hivyo fuvu lina namba, na namba yenyewe inabeba jina la mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuwahi kuliona hilo ziwa. Na Ngeneo? Uliza darasa lolote la historia uone ni mikono mingapi itainuka.

Kiongozi wa hao watafutaji alikuwa Kamoya Kimeu. Alizaliwa Makueni, akachunga mbuzi, akasoma shule ya misheni miaka michache tu. Mwaka 1960 akaenda Olduvai, Tanzania, kuwachimbia Louis na Mary Leakey, wazazi wa Richard. Ugunduzi wake mkubwa zaidi haukutoka Sibiloi, ulitoka ng'ambo ya ziwa, Nariokotome, Agosti 1984. Siku hiyo kambi ilikuwa imepumzika. Yeye akaenda kutembea karibu na kambi, kwa ukingo wa lagha iliyokauka. Kati ya kokoto nyeusi akaona kipande kidogo cha mfupa, nacho cheusi vilevile. Kilikuwa cha fuvu la mvulana aliyekufa zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita. Walipochimba, wakapata karibu mifupa yake yote. Huyo ndiye Kijana wa Turkana aliye kwa vitabu vyetu. Siku ya mapumziko, manze. Mimi siku kama hiyo nachaji simu.

Hapa ndipo hii historia ilinigusa, kwa sababu nilitaka kuitumia vibaya.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Mama bado anawaambia watu wa kanisa niko likizo. Susu wangu kule Makueni kila nikimpigia huuliza nitavaa ile joho lini. Kwa hivyo niliposoma kuhusu Kamoya nilifurahi, nikaanza kuandika video: "Hauhitaji digrii, cheki Kamoya." Nilikuwa nimeshachagua hata muziki.

Halafu nikagundua kitu. Richard Leakey pia hakuwa na digrii. Aliacha shule akiwa kijana. Na mwaka 1968, akiwa na miaka 23, alipewa kuongoza jumba la makumbusho la taifa. Watu wawili, kambi moja, na hakuna aliye na karatasi ya chuo. Mmoja alikuwa na jina la wazazi ambalo dunia ilishalijua. Mwingine alikuwa na macho yake tu.

Simchafui Leakey. Alimwamini Kamoya, alimpa uongozi, na hakuficha nani alipata nini. Mwaka 1977 Kamoya alipewa kusimamia maeneo yote ya kale ya Kenya kwa niaba ya makumbusho. Mwaka 1985 alipokea medali Washington mikononi mwa Rais Reagan. Lakini udaktari wa heshima kutoka chuo kikuu cha Marekani ulimfikia 2021, miaka 61 baada ya siku ya kwanza Olduvai. Julai 2022 akafariki.

Kwa hivyo ile video nimeifuta. Ingekuwa uongo wa pili. Kamoya hakuonyesha kwamba elimu haina maana. Alisoma zaidi ya maprofesa wengi, ila darasa lake lilikuwa mchanga, na kwa darasa hilo hakuna anayekupa cheti. Mtu kama huyo anaweza kujua kazi kuliko wote na bado akaandikwa kama "msaidizi". Mimi ambaye sina karatasi ningefaa kuwa wa kwanza kuliona hilo. Badala yake nilifika mahali alipofanya kazi, nikapiga picha, nikaandika hakuna kitu.

Tangu 2018 maeneo ya Ziwa Turkana, Sibiloi ikiwemo, yako kwa orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya mabwawa ya Ethiopia kwa Mto Omo, ambao ndio unaoleta maji mengi ya ziwa. Mahali tunapopaita patupu ni rahisi kupapoteza, maana hakuna atakayelia.

Leo nimebadilisha maneno chini ya ile picha. Nimeandika Kamoya Kimeu. Nimeandika Bernard Ngeneo. Nimewaandika wanawake wa Kigabra waliobeba nyumba kwa ngamia kabla ya mahema yetu. Halafu nikataka kumwandika yule mzee wa chai, aliyenirekebisha kwa swali moja, nikakwama.

Nilikaa naye siku tatu. Jina lake sikuuliza.

Ukienda Sibiloi, beba maji ya kutosha na kamba ndefu. Na ukimpata pale kambini, muulize jina, kisha uniandikie hapa.