Ukarimu na Stara: Nyumba za Mawe za Gede na Pwani ya Kilifi

Magofu ya Gede, yaliyo takriban kilomita 16 kusini mwa Malindi, ni miongoni mwa ushahidi bora uliobaki wa namna matajiri wa pwani ya Kenya walivyojenga makazi yao kabla ya karne ya 17. Mji huo, ambao kaburi lake moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, ulistawi zaidi katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, kisha ukamezwa na msitu hadi James Kirkman alipoanza kuufukua mwaka 1948. Kwa kuwa majina ya wenye nyumba yalikuwa yamepotea, mtafiti huyo aliziita nyumba kwa vitu vilivyopatikana ndani yake, na ndiyo maana zinajulikana leo kama Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina au Nyumba ya Bakuli la Kauri. Majina hayo yanaelekeza macho kwenye mali iliyoagizwa kutoka ng'ambo, ilhali ramani za nyumba zenyewe zinaeleza jinsi mali hiyo ilivyopatikana.

Biashara ya pwani ilitegemea pepo mbili za msimu. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia mwezi wa Disemba, na kusi ikavirejesha kuanzia Aprili, hivyo mfanyabiashara mgeni alilazimika kukaa ugenini kwa miezi kadhaa akisubiri upepo ugeuke. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba kila mfanyabiashara aliyeshuka chomboni alifikia kwa mwenyeji mmoja wa mji, ambaye alimuuzia bidhaa na kumnunulia, na kwamba mauzo yaliyofanywa bila mwenyeji kuwapo hayakutambuliwa. Maelezo hayo yanahusu Mogadishu, lakini desturi ya namna hiyo inasaidia kufahamu nyumba za Gede, kwa sababu mahali ambapo mgeni analala, anakula na kufanya biashara chini ya paa la mwenyeji, ukarimu huwa ni sehemu ya mtaji.

Hata hivyo, mwenyeji aliyemhitaji mgeni alikuwa pia na wajibu wa kulinda stara, yaani heshima na faragha ya aila yake, hasa wanawake. Wajenzi wa Gede walilitatua jambo hilo kwa kupanga nyumba kwa tabaka kutoka nje kwenda ndani. Mtu aliyeingia alishuka kwanza katika ua ulio chini kuliko sakafu ya vyumba, ambao ulikuwa mahali pa kupokelea watu, na nyuma yake kilikuwapo chumba kirefu cha mbele, kisha vyumba vya kulala, na mwisho kabisa ghala lisilo na mlango wa kawaida, lililoingiwa kupitia tundu lililo juu ukutani. Mpangilio huu ulikuja kuwa na istilahi kamili katika nyumba za Lamu za karne ya 18: daka ni ukumbi wa kuingilia wenye viti vya mawe, kiwanda ni ua, msana ni chumba kirefu kinachoelekea ua huo, ndani ni chumba cha faragha cha aila, na sabule ni chumba cha wageni, kilichotengwa ili mgeni alale bila kukatiza maisha ya wenyeji.

Ujenzi wenyewe uliwekea mipaka ndoto za wenye mali. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na dari zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake uliruhusu chumba chenye upana wa mita mbili na nusu hivi, au zaidi kidogo. Kwa kuwa chumba hakikuweza kupanuliwa, utajiri ulionyeshwa kwa kurefusha, kwa kuongeza nyua na kwa kupamba: kuta zilipigwa lipu, zikatobolewa matundu ya vigingi vya kutundikia mazulia au mapazia, na zikawekewa vishubaka vya taa. Vyoo vya ndani, vyenye shimo na mahali pa kuchambia, vilikuwa anasa ambayo wengi wa wakazi, walioishi katika nyumba za udongo na makuti, hawakuwa nayo.

Jumba la mtawala lilikuza mpango huohuo, kwani lilikuwa na ua wa kupokelea wageni na ua wa baraza la kusikilizia mashauri, zote mbili zikiwa mbele ya sehemu za makazi. Huko Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, mji ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 15, ipo nyumba iliyopewa jina la Nyumba ya Milango Mingi, ambayo watafiti wameifikiria kuwa ya kupangisha wageni. Ikiwa fikra hiyo ni sahihi, basi kumlaza mgeni kulikuwa kumeanza kutoka katika nyumba ya aila na kuwa kazi ya pekee.

Sababu zilizotajwa za kuhamwa kwa Gede ni nyingi, zikiwamo uvamizi wa Wazimba mwaka 1589, kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini na kushuka kwa maji visimani. Miongoni mwazo pia ni kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi katika miaka ya 1590, Wareno walipokuwa wakijenga Ngome ya Yesu, na msafara wa vyombo na wageni ukamfuata. Nyumba iliyojengwa kwa mawe ilimhakikishia mgeni kwamba mwenyeji wake hataondoka, lakini haikuweza kumhakikishia mwenyeji kwamba mgeni atarudi.

Gede iliandikishwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2024, wakati ambapo ufuo wa Malindi na Watamu umejaa majumba ya kifahari ya watalii. Majumba hayo huazima baraza na vishubaka, lakini hugeuza hesabu ya kale: sasa mgeni hulipia usiku wake mapema, ilhali tajiri wa Gede ndiye aliyetangulia kulipa, kwa chokaa na chakula, akitarajia faida katika misimu mingi ya kaskazi.