Nyuso za Meru na Embu katika Picha za Joy Adamson

Ukimtaja Joy Adamson huko Meru, watu humkumbuka kwanza simba Elsa aliyelelewa naye, aliyekufa mwaka 1961 na kuzikwa ndani ya ile inayoitwa leo Mbuga ya Taifa ya Meru. Lakini kabla ya kitabu chake cha Born Free, kinachomhusu Elsa, kutoka mwaka 1960, mama huyu mzaliwa wa Austria-Hungaria ya zamani alikuwa mchoraji, na suala gumu alilotuachia limo katika picha zake.

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora makabila ya Kenya katika mavazi ya jadi yaliyokuwa yakitoweka. Alizunguka miaka kadhaa, akafika kwa Wameru na Waembu, akachora mamia ya picha za rangi za maji. Zisogelee uone: shanga zimefuatwa moja moja, ngozi na manyoya vimechorwa kwa subira ya mtu aliyezoea kuchora maua, kazi iliyompatia sifa mwanzoni. Nyuma ya mtu, mara nyingi, ni karatasi tupu. Hakuna mgomba, hakuna boma, hata Mlima Kenya haupo.

Utupu huo unaniuma. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa dhidi ya uasi wa Mau Mau. Wameru na Waembu wakahamishwa kwa nguvu hadi vijiji vyenye ulinzi, vijana wao wakiwa msituni. Picha hazisemi lolote kuhusu hayo. Nyingi zinamtambulisha mtu kwa kabila na cheo chake tu.

Baada ya uhuru, picha hizo zilibaki katika Makumbusho ya Taifa na Ikulu, zikawa sura ya nchi. Kufikia wakati huo mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, alikuwa amekwisha kuchora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959, Yesu akiwa Mwafrika katikati ya migongo ya milima yetu. Mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi. Kwangu, hiyo ndiyo sanaa ya taifa: watu wamo mahali pao, wanaishi.

Hata hivyo siungi mkono kuziondoa picha za Adamson. Walioketi mbele yake ni babu na nyanya zetu. Nakala ziletwe Makumbusho ya Meru na kumbi za Embu, wazee waitwe wazitazame, na kila anayetambuliwa aandikwe jina lake chini ya picha, pamoja na kijiji chake.